Mahali pa Kufungia Kontrola ya Bajaji ya Umeme

Bajaji ya umeme ikiishiwa nguvu saa nane mchana kati ya Tegeta na Bunju, lawama ya kwanza huiangukia betri. Betri inapimwa, inakutwa na chaji ya kutosha. Bajaji inakaa kivulini nusu saa, kisha inaondoka kama haikuwa na tatizo. Mara nyingi dalili hiyo ni ya kontrola, kile kisanduku cha alumini kinachopokea umeme wa betri na kuupimia mota kadiri dereva anavyozungusha aksereta. Ikizidiwa na joto, hujipunguzia kazi yenyewe ili isiungue.

Ndani ya kontrola zimo transista zinazowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila moja hupoteza umeme kidogo, na kinachopotea hugeuka joto. Chukua mfumo wa volti 48 unaovuta ampea 40: hizo ni wati 1,920. Ikipotea asilimia 5 tu, kontrola ina takriban wati 100 za joto la kutoa nje muda wote inapovuta hivyo. Tena sehemu kubwa ya joto hilo hupanda kwa mraba wa ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ndiyo maana kupanda mchangani polepole na abiria na magunia, kwenye vichochoro vya kuelekea Kaole, Bagamoyo, kunaichosha kontrola kuliko mwendo wa kasi kwenye lami. Ampea ziko juu, na upepo wa kuipoza haupo.

Sasa tupige hesabu ya Pwani. Kontrola nyingi huanza kujibana kasha likifika kati ya nyuzijoto 80 na 90, tushike 85. Kati ya Januari na Machi, hewa ya mchana Bagamoyo hufika nyuzi 32 hivi. Nafasi iliyobaki ni nyuzi 53. Tuseme imefungwa vizuri, kiasi kwamba kila wati inapandisha joto la kasha nusu nyuzi juu ya hewa inayolizunguka. Wati 100 zitalifikisha 82. Imepona, kwa nyuzi 3. Iweke kontrola hiyohiyo kwenye boksi lililozibwa chini ya kiti, ambamo hewa imefika nyuzi 50, na jibu linakuwa 100. Hapo lazima ikate nguvu. Fundi anaweza kuunganisha kila waya sawasawa na bado akaharibu kazi kwa kuchagua mahali pabaya.

Magari kama Nissan Leaf, ambayo kampuni ya Nopia Ride iliyatumia kwa teksi Nairobi kuanzia 2018, hupoza kontrola kwa maji yanayozungushwa na pampu. Bajaji na pikipiki nyingi hutegemea hewa tu, kwa hiyo ufungaji ndio mfumo wake wa kupoza. Kontrola ikae juu ya bamba la alumini la milimita 5 au 6, pana kuliko yenyewe, mahali penye kivuli na upepo unaopita. Chuma cha kawaida hupitisha joto kama robo tu ya alumini. Chuma cha pua hakifiki hata sehemu moja ya kumi. Ubao na plastiki ni vizuizi. Mapezi ya kasha yafuate njia ya upepo au yasimame wima, hewa ya moto ipande yenyewe.

Kabla ya kufunga, simamisha rula juu ya mgongo wa kontrola na utazame kwenye mwanga. Mwanga ukipenya chini ya rula, pana uwazi, na hewa hupitisha joto vibaya maelfu ya mara kuliko alumini. Sawazisha kwa msasa, ondoa rangi panapogusana, kisha paka grisi ya joto nyembamba, ya kujaza mikwaruzo tu. Ikiwa nene, nayo inakuwa kizuizi.

Halafu kuna chumvi. Penye upepo wa bahari unaopita mashamba ya chumvi ya Nunge, alumini ikigusana na boliti ya chuma cha pua huliwa taratibu. Utaona unga mweupe kuzunguka boliti. Unga huo hujaa kati ya bamba na kontrola, ukazitenganisha, na joto likakosa njia. Paka boliti grisi, na kila baada ya miezi michache fungua ukague. Kaza vituo vya nyaya pia: kituo kilicholegea chenye ukinzani wa mili-omu 10, kwa ampea 40, huongeza wati 16 za joto palepale.

Usimwagie kontrola maji ikiwa ya moto. Hewa ya ndani hupoa ghafla, husinyaa, na kuvuta unyevu kupitia mipira ya nyaya. Isubiri ipoe, na nyaya zining'inie chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondoke nje.

Kwa dereva anayepeleka hesabu kila jioni, kontrola iliyoungua ni siku kadhaa bila kipato. Kwa hiyo unaponunua au kutengeneza, dai kipimo: baada ya safari ya mchana yenye mzigo, fundi apime joto la kasha mbele yako. Kama ni Juni, kusi linavuma, ongeza nyuzi kadhaa za Februari kabla ya kukubali jibu. Jumla ikikaribia 80, mwambie ahamishe kontrola au apanue bamba kabla hujalipa.