ALIYEVUNJA ALIPE, LAKINI ALIPE ALICHOVUNJA



Wengi wetu hatuna gari. Lakini ni nani kati yetu ambaye hajawahi kupanda gari la kukodi? Tunakodi tunapomsindikiza marehemu kwao, tunapopeleka mahari, tunapohamisha vitanda na masufuria kutoka Kamenge kwenda Kanyosha. Fedha ya kukodi tunaichanga, huyu elfu tano, yule elfu kumi, na safari inafanyika. Taabu inaanza siku gari linaporudi limebonyea. Siku hiyo wachangaji wote hawaonekani. Anabaki mmoja tu, yule aliyeacha karangamuntu yake kwa mwenye gari.

Jambo hili limetufika sisi wenyewe. Tunalieleza hapa pamoja na makosa yetu, ili wenzetu wa viwandani na wa mashambani wasiingie shimo lile lile.

SAFARI YA BUGARAMA

Mwaka 2023 tulifiwa na mwenzetu wa kiwandani. Kwao ni juu ya Bugarama, upande wa mashamba ya chai ya Teza. Tulikodi Hiace ya mtu mmoja hapa Bujumbura, pamoja na dereva wake. Tulikuwa abiria kumi na sita. Hatukuandika karatasi yoyote. Mwenye gari alitaka dhamana, na ndugu yetu mmoja, fundi wa mashine, akatoa karangamuntu yake. Tulimshukuru, tukapanda.

Tulizika salama. Baada ya maziko wenyeji walitukaribisha, na yule dereva akakaribishwa kama sisi. Urwarwa ulikuwa mwingi. Saa kumi na moja jioni tulipotaka kurudi, dereva hakuweza hata kusimama sawasawa. Yeyote anayeijua barabara ile ya kushuka Bujumbura, kona baada ya kona, malori yakipanda na baiskeli za ndizi zikiteremka mbio, ataelewa hofu yetu. Ndugu yetu yule yule ana permi ya miaka mingi. Tukamwomba, akashika usukani.

Hiace ile, kama magari mengi yanayotoka Japani, ina usukani upande wa kulia, na sisi Burundi tunapita kulia. Dereva anaona vizuri ukingo wa barabara, lakini ubavu wa kushoto haoni vizuri. Kwenye kona moja lori lilikuwa limeharibika, limesimama upande wa kushoto, nyuma yake imeingia katika njia yetu. Kulia walikuwa vijana wawili wa baiskeli na mizigo yao. Ndugu yetu akawaepuka vijana. Tukasikia bati likilia. Mlango wa kuvuta ulikunjwa. Lori halikupata hata mkwaruzo. Hakuumia mtu.

KARATASI YA MILIONI MBILI NA LAKI SITA

Kesho yake mwenye gari alimletea ndugu yetu karatasi ya madai. Mlango mpya, franka 700,000. Taa mpya ya nyuma, 150,000. Kazi ya bati na rangi ya gari zima, 630,000. Siku 14 za gari kulala bila kazi, kila siku 80,000, yaani 1,120,000. Jumla franka 2,600,000. Ndugu yetu anapata 260,000 kwa mwezi. Karatasi ile ilikuwa mshahara wake wa miezi kumi, asile wala asilipe nyumba.

Mwenye gari akaongeza maneno: "Ukifika Jumamosi bila pesa, utalala Mpimba." Na karangamuntu ikabaki mfukoni mwake.

Ndugu yetu alifanya nini? Alinyamaza. Aliona aibu kutuambia, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika usukani. Alitaka kuchukua mtaji wa mke wake anayeuza ndagala katika soko la Ruvumera, halafu akope kilichobaki kwa riba. Tuliyajua hayo kwa bahati, mke wake alipomlilia jirani. Na sisi wengine kumi na tano, tukubali ukweli, tulikuwa tumekwisha kusahau safari ile.

Tulikutana Ijumaa jioni. Jambo la kwanza tulilokubaliana ni hili: waliokodi ni watu kumi na sita, kwa hiyo deni ni la watu kumi na sita. Jambo la pili: hatukatai kulipa. Gari la mtu tumelivunja, na huenda mwenye gari naye ana mkopo wa kulipa. Lakini tutalipa tulichovunja.

TULIIFUNGUA KARATASI MSTARI KWA MSTARI

Kwanza, taa. Kijana mmoja kati yetu alikuwa amepiga picha kwa simu asubuhi ya safari, watu wamesimama nyuma ya gari. Tukaikuza picha. Taa ile ilikuwa imepasuka na kufungwa kwa utepe kabla hatujaondoka! Mstari wa taa ukafutika.

Pili, mlango. Tulikwenda Buyenzi kwa mafundi na wauzaji wa vipuri vilivyotumika. Mlango wa Hiace ya aina ile, uliotumika lakini mzima, tuliupata kwa franka 320,000. Mlango tuliouharibu ulikuwa wa zamani, chini umeliwa na kutu. Anayevunja mlango wa zamani anadaiwa mlango wa namna hiyo. Hadaiwi kumfanya mwenye gari awe na mali bora kuliko aliyokuwa nayo jana.

Tatu, rangi. Ulioguswa ni ubavu mmoja. Kwa nini tupake gari zima? Fundi wa bati alituandikia proforma ya kunyoosha na kupaka ubavu ule, franka 180,000.

Nne, siku za kulala. Fundi yule aliandika kwamba kazi ni ya siku nne. Tena hizo 80,000 za kila siku si faida yote. Ndani yake mna mafuta na posho ya dereva, na gari likilala halinywi mafuta. Tuliondoa vitu hivyo, ikabaki 35,000 kwa siku. Mara nne ni 140,000.

Jumla ya hesabu yetu ikawa franka 640,000. Tuliiandika kwa mwandiko mzuri, tukaweka picha na proforma.

MBELE YA WAZEE

Mwenye gari alikataa. Hatukugombana naye. Tulimwomba twende wote kwa bashingantahe wa mtaa, akakubali. Alisema: "Mimi niliwapa gari na dereva. Nani aliwaruhusu kushika usukani?" Tukajibu kwamba dereva wake alikuwa amelewa. Akasema: "Na nani alimlewesha?" Hapo tuliinamisha vichwa.

Mzee mmoja alituambia neno ambalo hatutalisahau: mgeni hanyimwi kinywaji, lakini dereva si mgeni, yuko kazini. Kisha akamgeukia mwenye gari. Dereva ni mfanyakazi wako, akalewa katika kazi yako. Ungetaka hawa watu washuke mlima ule na mlevi? Mzee mwingine akamwuliza: katika hizo siku kumi na nne, petroli ungeipata wapi, nasi sote tunakesha kwenye foleni? Watu walicheka, na mwenye gari mwenyewe akacheka.

Wazee waliikubali hesabu ya 640,000 na kuigawa nusu kwa nusu. Mwenye gari abebe 320,000 kwa ajili ya dereva wake. Sisi tubebe 320,000. Kwa watu kumi na sita, kila mmoja alitoa franka 20,000, kwa miezi miwili. Karangamuntu ilirudi siku ile ile. Mtaji wa ndagala haukuguswa.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria yetu ya mikataba na madeni ina asili yake katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo ya wakati ule na baadaye ikatumika Burundi pia. Ni ya zamani, lakini misingi yake mitatu ni vizuri kila mfanyakazi aijue.

Msingi wa kwanza: aliyekodi kitu anajibu kwa uharibifu uliotokea mikononi mwake, isipokuwa akithibitisha kwamba haukutokana na kosa lake. Maana yake, mzigo wa kuthibitisha uko juu yako wewe uliyekodi. Bila picha, bila karatasi, bila shahidi, huna mdomo.

Msingi wa pili: anayemtumia mtu kazini anajibu kwa madhara yanayofanywa na mtu huyo katika kazi hiyo. Ukikodi gari pamoja na dereva wake, na dereva huyo akaligonga, wewe abiria hudaiwi. Wenzetu wengi wamelipa gari ambalo hawakuliendesha, kwa sababu tu ndio waliokodi.

Msingi wa tatu: mkataba ni sheria kwa waliofunga mkataba huo. Ukitia sahihi karatasi inayosema utalipa kila kitu, karatasi hiyo itakufuata. Kwa hiyo soma kwanza. Kama huoni vizuri au hujui Kifaransa, usitie kidole. Lete karatasi ofisini kwa sendika, tutakusomea.

Na kitisho cha Mpimba? Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, katika kifungu cha 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya mkataba. Burundi ilijiunga na mkataba huo mwaka 1990. Deni la mlango ni la bashingantahe, na likishindikana ni la mahakama ya mwanzo. Tahadhari lakini: ukiendesha umelewa, ukiumiza mtu, ukikimbia baada ya ajali au ukidanganya ili upate gari, hayo ni makosa mengine, na gereza lipo.

Neno juu ya bima, ile tunayoita asiransi. Wengi wetu tukiona kibandiko kwenye kioo cha mbele tunatulia moyo. Bima ya lazima inalipa madhara ambayo gari limewafanyia watu wengine na mali zao. Hailipi mbonyeo wa gari lenyewe ulilolikodi. Ili lenyewe litengenezwe na bima, mwenyewe lazima awe amelipia bima kubwa zaidi, na hata hapo mara nyingi linabaki fungu la kwanza ambalo bima hailipi. Uliza kabla ya kupanda. Na kama gari jingine ndilo lililowagonga, andika namba yake na jina la bima yake hapo hapo barabarani, na ita polisi. Bima ya huyo aliyegonga ndiyo inayopaswa kulipa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kabla ya kuondoka, zungukeni gari lote pamoja na mwenyewe. Pigeni picha pande nne, taa, vioo, magurudumu. Kila mkwaruzo uandikwe.

2. Andikeni karatasi moja tu: nani amekodi, siku ngapi, nani ataendesha, dhamana ni kiasi gani. Yaandikwe majina ya watu wote au jina la kikundi, lisiandikwe jina la mtu mmoja.

3. Wekeni dhamana ya fedha na mpewe risiti. Karangamuntu si kitu cha kuweka rehani. Bila hiyo mtu hatembei.

4. Dereva asipewe pombe. Mpeni chakula kizuri na soda.

5. Likitokea jambo, pigeni picha hapo hapo kabla gari halijaondolewa, na mtafute mashahidi.

6. Msilipe siku ile ile kwa aibu au kwa hofu. Ombeni hesabu iliyoandikwa mstari kwa mstari, kisha nendeni na proforma za mafundi wawili.

7. Mkilipa, dai karatasi yenye maneno kwamba deni limekwisha.

Haya yanawahusu pia wenzetu wanaokodi pikipiki na kumpelekea mwenyewe hesabu kila jioni. Tangu Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji za abiria zilipokatazwa katikati ya mji, mapato ya wengi yalipungua, lakini hesabu ya mwenyewe iliendelea kudaiwa. Mnyororo uliokwisha kwa kazi, au tairi lililochakaa, si kosa la mwendeshaji. Vitu hivyo vinakufa kwa kutumika, na mwenye faida ndiye avibadilishe, isipokuwa kama mmeandikiana vingine.

Na wewe dereva wa lori la kiwanda au wa trekta la shamba, gari la tajiri si gari ulilolikodi. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kipimo kilichowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa mwamuzi. Msimamizi akiamka asubuhi na kukukata kwa kioo kilichovunjika, usitukane, usiache kazi. Omba barua, uilete kwetu.

Ndugu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliokolewa na picha moja ya bahati. Safari nyingine tusitegemee bahati. Wala mwenzetu asiachwe peke yake na karatasi ya milioni mbili huku sisi tuliopanda gari lile tumelala usingizi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuliokodi pamoja, tulipe pamoja, na tulipe kwa haki.