Je, Wajua? Dawa Iliyotoka kwa Kuvu

Je, wajua ya kuwa siklosporini, ile dawa ambayo tangu miaka ya 1980 imekuwa ikiutuliza mwili wa aliyepandikizwa figo usiikatae figo hiyo ngeni, asili yake ni kuvu wa udongo uliochotwa Hardangervidda, nchini Norwei? Ajabu ni kwamba dawa hiyo, kwa kuwa huilaza kinga ya mwili, ndiyo huwafungulia mlango jamaa za kuvu huyo. Basi mkazi wa Juba aliyerejea kutoka ng'ambo na figo mpya, akipita soko la Konyo Konyo wakati wa kiangazi, vumbi likitimka nyuma ya bodaboda, huenda akavuta chembe za kuvu aitwaye aspajilasi, ambazo jirani yake mzima huzivuta kila siku wala hadhuriki. Na kinyesi kikavu cha njiwa huweza kuwa na kuvu mwingine, kriptokokasi, aingiaye kwa mapafu akapanda hadi utando wa ubongo. Tiba nayo ina taabu zake: kati ya dawa za kuvu, flukonazoli huzidisha siklosporini damuni, na amfoterisini huweza kuidhuru figo ile ile inayohifadhiwa. Kwa hiyo, ewe msomaji uliyepandikizwa, ukishikwa na homa au kichwa kisichopoa, usinunue dawa kwa kubahatisha. Nenda kwa tabibu upesi, umwambie kwanza habari ya figo yako.