Uzi wa Cherehani ya Mkono Mrefu

Mwenye kuingia katika jumba la makumbusho ya mifarishi lililofunguliwa mwaka 1991 mjini Paducah, jimbo la Kentucky, huko Marekani, hushikwa kwanza na rangi za vitambaa vilivyoungwa kipande kwa kipande. Lakini akisogea karibu na kutazama kwa utulivu, ndipo atakapotambua ya kuwa kinachozishikamanisha tabaka zote tatu, yaani kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, na kinachoipa nguo ile mabonde na vilima vyake, ni uzi. Aghalabu uzi ndio kitu cha bei ndogo katika mfarishi, na ndio unaofikiriwa mwisho. Nami naona kuufikiria mwisho ni kuidhulumu kazi yote iliyotangulia.

Zamani kudarizi mfarishi kulikuwa kazi ya mkono, wanawake wakikaa kuizunguka fremu ya mbao, kisha zikaja cherehani za nyumbani, ambamo mshonaji husukuma nguo nzito chini ya sindano isiyohama. Cherehani ya mkono mrefu imeyageuza mambo hayo: nguo huwambwa juu ya fremu pana ikatulia, na cherehani yenyewe, iliyopandishwa juu ya reli, ndiyo itembeayo mbele na nyuma, kulia na kushoto, ikiongozwa na mikono ya fundi au na kompyuta. Kwa kuwa huenda kila upande, sindano hupindishwa kidogo kila inapobadili mwelekeo, na kwa kuwa huweza kupiga mishono 1,800 kwa dakika, ambayo ni mishono 30 katika kila sekunde, uzi uliovumilia miaka mingi katika cherehani ya nyumbani huenda ukachanika hapa katika saa ya kwanza.

Na taabu ya uzi si mwendo peke yake. Sindano inaposhuka, ndoano iliyo chini hulikamata tanzi la uzi na kulivuta hata lizunguke bobini nzima, kisha uzi huo karibu wote hurudishwa juu, na ni sehemu ndogo sana, isiyozidi milimita chache, inayobaki katika mshono. Maana yake ni kwamba kila kipande cha uzi hupita na kurudi katika tundu la sindano makumi ya mara, kikisuguliwa na chuma kilichokwisha pata moto, kabla ya kukaa mahali pake. Kwa hiyo uzi uliosokotwa vibaya, au wenye vinundu, hutoa manyoya, na manyoya hayo hujikusanya chini ya bobini hata mshono ukaharibika.

Basi mnunuzi aanze kwa kuisoma karatasi iliyobandikwa juu ya kigurudumu cha uzi, wala asidanganywe na namba iliyo kubwa. Katika hesabu moja iliyoenea, uzi wa 40 ni ule ambao kilomita 40 zake zina uzito wa kilo 1, na wa 100 ni ule ambao kilomita 100 zake ndizo zitimizazo kilo hiyo. Kwa hiyo namba ikipanda, uzi huzidi kuwa mwembamba. Lakini katika nyuzi za pamba ipo hesabu nyingine ya Kiingereza, ya tangu enzi za viwanda vya kusokotea pamba, inayopima ni mafungu mangapi ya yadi 840 yanayotimiza ratili moja, tena humpima kila mwana wa msokoto, yaani kila uzi mdogo unaosokotwa na wenzake, peke yake. Na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana uzi ulioandikwa 50/3 una wana watatu, na ulioandikwa 50/2 una wawili, na ijapokuwa zote mbili zaitwa za 50, wa kwanza ni mzito kuliko wa pili kwa nusu. Kipimo kisichopotosha ni teksi, ambacho ni uzito wa mita 1,000 kwa gramu: hicho huhesabu uzi mzima, wa aina yoyote, na kikipanda, uzi umenenepa. Uzi wa 40 katika ile hesabu ya kilo una teksi 25, na wa 100 una teksi 10. Laiti kila kiwanda kingeiandika teksi kwa herufi zinazosomeka.

Jambo la pili ni msokoto. Shika kipande cha uzi wima mbele ya dirisha, ukitazame kwa makini: mistari ya msokoto ikipanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kama mstari wa katikati wa herufi Z, uzi huo wafaa kwa cherehani; ikiwa imelala kinyume chake, cherehani itaufumua kadiri inavyoushona. Na uzi uliopakwa nta kwa ajili ya mkono, ijapokuwa ni mzuri ajabu mkononi, usitiwe kabisa katika cherehani, kwa kuwa nta yake huganda katika visahani vinavyoubana uzi.

Sasa tufike kwenye ugomvi mkubwa wa washonaji wa mifarishi, yaani pamba na poliesta. Pamba bora ni ile ya nyuzinyuzi ndefu, ambayo ya Misri imejipatia sifa zamani, na uzi wake huongezewa nguvu na mng'ao kwa maji makali ya kostiki, kwa njia aliyoipatia hataza Mwingereza John Mercer mwaka 1850. Poliesta ni mtoto wa juzi: iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia Whinfield na Dickson. Ina nguvu, hunyumbuka kidogo bila kukatika, na haitoi manyoya mengi, sifa ambazo mashine iendayo mbio huzihitaji khasa. Wako washikiliao kwamba poliesta, kwa ushupavu wake, huikata nguo ya pamba baada ya miaka. Lakini kinachoila nguo kwanza ni jua, mchanga uingiao katikati ya nyuzi, na kufuliwa mara kwa mara, na uzi mnene uliokazwa mno huidhuru nguo hata ukiwa wa pamba. Kwa mfarishi wa mtoto, utakaofuliwa kila wiki, mimi ningetia poliesta nyembamba bila wasiwasi; kwa mfarishi wa kurithisha, uliotengenezwa wote kwa pamba, anayependa pamba na aitumie, ila asiwe mwenye kuwatisha wenzake. Rayoni ing'aayo iachiwe mapambo ya ukutani, maana hupoteza nguvu ikilowa.

Rangi nayo ina hukumu yake. Uzi unaofanana na nguo hustiri mkono usiotulia, na uzi unaopingana nayo hudhihirisha kila tao. Mfarishi ukiwa na rangi nyingi, zitandaze nyuzi nne au tano juu yake zikiwa zimelegea, usimame mbali, na uuchague ule unaopotea machoni. Uzi wa bobini nao uwe wa rangi iliyo karibu na ya juu, ili vidoti visichomoze.

Kabla ya kazi yenyewe, chukua vipande vya kitambaa kile kile na pamba ile ile, uviwambe pembeni mwa fremu, utie sindano mpya inayolingana na unene wa uzi, na ushone kwenda pande zote nne, si upande mmoja tu. Uzi ukikatika, badilisha sindano kabla ya kugusa skrubu yoyote. Ukiendelea kukatika, legeza uzi wa juu kidogo kidogo. Na ukikatika hata hapo, usiutie katika mfarishi huo, hata ukiwa umeununua kwa ghali.