Mombasa Bara: Faida ya Maendeleo na Anayelipa Gharama Yake

Uchumi wa bara ya Mombasa umegawanyika kufuata ramani. Kaskazini, kuanzia Nyali kupitia Bamburi hadi Shanzu, ni ukanda wa hoteli za ufuoni, na katikati yake kiwanda cha saruji. Magharibi, Changamwe, kuna uwanja wa ndege wa Moi, matangi ya mafuta, viwanda na barabara kuu iendayo Nairobi. Kusini ni Likoni, ambako kwa miaka mingi wengi wamekuwa wakivuka feri kila alfajiri kwenda kutafuta riziki kisiwani, na ambako sasa serikali inajenga eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na zaidi ya milioni moja kati yao walikuwa wakazi wa ng'ambo hizi tatu.

Kila ng'ambo inategemea mazingira kwa namna yake. Hoteli huuza mchanga mweupe, maji maangavu na samaki wa rangi. Kiwanda cha saruji huchimba mwamba wa matumbawe ya kale. Bandari na matangi huhitaji hori zenye kina, na kando ya hori hizo ndipo inapoota mikoko ambamo samaki wengi wa baharini hukulia wangali wachanga. Ndiyo maana ugomvi unaotajwa kila mara kati ya mazingira na maendeleo haueleweki vizuri pwani hii mpaka liulizwe jambo moja: hasara inapotokea, inamwangukia aliyevuna faida au inamwangukia jirani yake?

Bamburi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hapo mchimbaji alirekebisha shimo lake mwenyewe. Kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Malighafi ilikuwa karibu: mwamba ulioachwa na bahari ilipokuwa juu zaidi kuliko sasa. Ulichimbwa hadi karibu na maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi, na matimbo yaliyobaki yalikuwa uwanja mweupe usio na udongo, unaochoma macho kwa jua, wala jani halikuota. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akiitumikia kampuni hiyo, alianza kujaribu kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizopanda, baada ya miezi sita zilikuwa zimebaki tatu tu, mojawapo mvinje.

Mvinje ni mti wa ufuoni usioogopa chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji kungoja udongo wenye rutuba. Ila ulileta tatizo lake. Majani yake membamba yalianguka na kulundikana chini bila kuoza, na bila mboji hakuna mti mwingine ambao ungefuata. Dawa ikawa jongoo. Majongoo wenye miguu myekundu walikusanywa na kuletwa matimboni, wakayatafuna majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Baadaye ilipandwa miti mingine, vikachimbwa mabwawa ya samaki, wakaletwa wanyama. Mwaka 1984 sehemu hiyo ilifunguliwa kwa wageni, na leo inaitwa Haller Park. Shule za pwani nzima huwapeleka watoto huko kutazama twiga, mamba na kobe.

Hapo ndipo alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi mara tu baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaandamana na kobe mkubwa aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na huenda iliitangaza pwani ya Kenya kuliko mabango yote ya hoteli za mwaka ule.

Hata hivyo sifa za Bamburi zina mpaka. Msitu wa mvinje si msitu wa asili uliokuwapo kabla ya mashine kuingia, na mwamba uliosagwa kuwa saruji haurudi. Ardhi iliyorekebishwa ni ya kampuni, ilhali katika Kisauni, eneo ilimo Bamburi, maelfu ya familia zimekaa miaka mingi bila hati za mahali zinapoishi. Kilichofanikiwa ni kitu kidogo zaidi, lakini hakipatikani kwa urahisi: aliyeharibu ndiye aliyetengeneza, kwa pesa zake, alipoharibu, na kazi ilianza huku uchimbaji ukiendelea, haikungoja siku ya kufunga kiwanda.

Hatua chache kutoka hapo, baharini, hesabu ni ngumu zaidi. Mwaka 1986 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Ina sehemu mbili. Ya kwanza, kama kilomita 10 za mraba mbele ya hoteli za Nyali na Bamburi, hairuhusu uvuvi wa aina yoyote. Ya pili, kama kilomita 200 za mraba zinazoizunguka, inaruhusu uvuvi wa kienyeji wa mishipi, malema na nyavu halali. Katazo lilianza kusimamiwa kwa dhati mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wavuvi wa Bamburi na Nyali wakajikuta wamepoteza zaidi ya nusu ya maji waliyorithi kwa wazee wao. Wengi waliacha kazi. Malalamiko yalikuwa makali kiasi kwamba baadaye eneo lililofungwa lilipunguzwa.

Faida ya hifadhi ilionekana polepole. Ndani ya eneo lililofungwa samaki waliongezeka na kunenepa, na kwa kuwa samaki hajui mpaka, wengine walitoka nje. Watafiti waliopima mavuno ya malema waliona kwamba yaliyotegwa jirani na mpaka yalipata zaidi ya yaliyotegwa mbali. Wavuvi wenyewe hawakuhitaji kuambiwa: walikuwa wameshaanza kugombania sehemu za mpakani. Pamoja na hayo, ada inayolipwa na mgeni anayeingia hifadhini huenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na pesa za chumba huenda hotelini. Mvuvi aliyeacha maji yake hulipwa kwa samaki wanaovuka mpaka wenyewe, basi. Wenye mashua za watalii zenye sakafu ya kioo wamefaidika moja kwa moja, na baadhi yao ni watoto wa wavuvi, lakini kazi hiyo hutegemea msimu na amani. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilikausha hoteli za pwani kwa miezi mingi. Janga la korona la 2020 lilifanya vivyo hivyo. Mtu aliyeuza nyavu zake ili anunue mashua ya watalii hana pa kurudi wageni wanapotoweka.

Tena kuna madhara ambayo askari wa hifadhi hawezi kuyakamata. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa, ndani na nje ya hifadhi. Na yako madhara yanayotoka ufuoni penyewe. Hoteli inayoona mawimbi yakila mchanga wake hujenga ukuta. Wimbi likigonga ukuta hurudi na nguvu yake, huchota mchanga wa mbele na kuula ufuo wa jirani asiye na ukuta, naye pia hujenga wake. Mwani unaotupwa ufuoni pepo zinapogeuka huzolewa alfajiri kabla wageni hawajaamka, kwa kuwa unanuka na hauonekani vizuri katika picha, ingawa mwani huo huo ndio unaokamata mchanga na kulisha viumbe wadogo wa ufuoni. Hapa mgeni na ufuo wanataka vitu viwili tofauti, na mara nyingi anayesikilizwa ni mgeni.

Changamwe haina mgeni wa kusikilizwa, na labda ndiyo sababu imeumia zaidi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifunguliwa huko mwaka 1963 na kikasimamisha kazi hiyo mwaka 2013, lakini matangi na mabomba yangalipo, na meli za mafuta huendelea kutia nanga Kipevu. Mwaka 1988 tangi lilipasuka karibu na hori ya Makupa, mafuta yakamwagika kwa maelfu ya tani na kuua mikoko. Mwaka 2005 mafuta yalimwagika tena kutoka melini na kufika kwenye mikoko ya Port Reitz. Mkoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Mafuta yakiifunika mizizi hiyo, mti hufa ukiwa umesimama, na tope lililolowa mafuta halikubali miche kwa miaka mingi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliongeza pigo la aina nyingine katika hori ya Mwache, ambako udongo uliosombwa kutoka mashamba ya juu ulizika mizizi ya miti mingi.

Kesi iliyofundisha Kenya nzima, hata hivyo, haikuhusu mti. Owino Uhuru ni kijiji cha Mikindani, katika eneo lililokuwa sehemu ya jimbo la Changamwe kabla jimbo la Jomvu halijatengwa nalo. Mwaka 2007 kulianza kazi hapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi ya kuuza nje. Kilileta ajira na fedha za kigeni. Moshi wake uliingia majumbani, na maji yake yenye asidi yalipita kwenye mitaro wanamochezea watoto. Risasi haina harufu ya kumwonya mtu: hujikusanya katika damu na mifupa, huharibu ubongo wa mtoto, figo na mimba. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake aliyekuwa akinyonya alikuwa na risasi mwilini. Akaongoza wakazi kudai kifungwe, na kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kufunga kulikuwa sehemu nyepesi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi wapatao 3,000 fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizitia hatiani pamoja na wenye kiwanda taasisi za serikali, ikiwemo Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliyopaswa kuwalinda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Katika miaka hiyo kumi tangu kiwanda kufungwa, gharama za uzalishaji zilikuwa zimelipwa na watu wasiowahi kupata hata mgao mmoja wa faida, na zililipwa kwa miili yao.

Majitaka ni habari fupi, na haipendezi. Mtambo wa kusafisha wa Kipevu huhudumia upande wa magharibi, na si wote. Kisauni na Likoni kwa sehemu kubwa hutegemea mashimo. Mwamba wa matumbawe una matundu mengi, hivyo kilicho shimoni hufika kisimani na hatimaye baharini. Hapo hulisha magugu ya bahari yanayoyafunika matumbawe yale yale ambayo mtalii amelipa kuja kuyaona. Taka za kisiwa nazo zilitupwa kwa miaka mingi Kibarani, ukingoni mwa hori. Jaa hilo lilipofungwa na pakapandwa bustani, magari yalielekezwa Mwakirunge, Kisauni. Aliyebadilika ni jirani wa jaa. Palipotengenezwa kweli ni Makupa: njia ya kifusi iliyounganisha kisiwa na Changamwe tangu enzi za Waingereza ilikuwa imeziba maji yasipite, na mwaka 2022 daraja lilichukua nafasi yake, maji yakapata tena kupwa na kujaa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza. Baadhi ya hatua zimefanikiwa haraka: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika fuo zilizotengwa na mbuga. Tathmini ni jambo jingine. Huandikwa na mtaalamu anayelipwa na mwenye mradi, mara nyingi kwa Kiingereza na katika mamia ya kurasa, na mkutano wa wananchi hufanyika mchana wa siku ya kazi. Mvuvi wa Mtongwe, Likoni, anayetaka kupinga ana muda mfupi wa kusoma hati ambayo haikuandikwa kwa ajili yake.

Jambo hilo lina uzito sasa huko Likoni. Eneo maalumu la Dongo Kundu limetengewa takriban ekari 3,000, na barabara mpya inayopita juu ya hori ya Mwache imeliunganisha na Miritini bila haja ya feri. Viwanda vikifika, vijana wa Shika Adabu na Bofu watapata kazi karibu na nyumbani kwa mara ya kwanza, na si haki kuwaambia wangoje kwa ajili ya mikoko. Hata hivyo mikoko nayo huweza kuleta mapato: kusini zaidi, Gazi katika Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 huuza hewa ya kaboni inayotunzwa na hekta 117 za mikoko, na mapato yake yamelipia maji na mahitaji ya shule za vijiji vya hapo. Fedha hizo ni kidogo zikilinganishwa na za bandari, lakini huingia mikononi mwa wale wanaoulinda msitu. Dongo Kundu bado kuna mikoko mingi iliyosimama, na wavuvi wa Mtongwe wanaitumia kila siku. Mikataba ya viwanda itakayotiwa saini huko ndiyo itakayoonyesha ni nani atakayesafisha mafuta yakimwagika, na ni nani atakayelipwa hori ikifungwa.