Insulini bila friji: Kahama inawezekana, Geita inawezekana

Mgonjwa wa kisukari anayeishi kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakola, Nyarugusu au Rwamagasa huambiwa kwamba insulini lazima ikae kwenye friji. Akirudi kwenye chumba chake cha kupanga, bati juu na umeme hakuna, anaona dawa hiyo ni ya watu wa mjini. Kuna anayeacha kuitumia. Mwingine anaiweka kwenye friji ya soda ya dukani, na duka likiwa limefungwa alfajiri, haipati. Imani hiyo ina makosa, na inaua.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho ili sukari iliyomo kwenye damu iingie kwenye seli na kutumika. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana, haitengenezi kabisa au anatengeneza kidogo mno. Kabla ya Januari 1922, pale Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa insulini mjini Toronto, Kanada, mtoto wa aina hii alikuwa hana tiba ya kumponya na kifo. Mwenye aina ya pili huanza kwa vidonge, lakini kadiri miaka inavyopita kongosho lake huchoka, naye pia huenda akahitaji sindano.

Sasa turudi kwenye joto. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na hiyo ni kazi ya friji ya hospitali au kituo cha afya. Chupa inayotumika ni habari nyingine: kwa kawaida inadumu takriban wiki nne nje ya friji, mahali pasipozidi nyuzi 30. Hata joto likizidi hapo kwa saa kadhaa mchana, hatuna sababu ya kukata tamaa. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la makazi ya wakimbizi Dadaab, Kenya, lililokuwa likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Waliliiga joto hilo maabara, na mwaka 2021 wakachapisha matokeo: baada ya wiki nne insulini ilikuwa na nguvu ileile.

Kwa nyumba isiyo na friji, mtungi unatosha. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, uloweshe asubuhi na jioni, kisha funika kwa kitambaa kibichi. Weka chupa ndani ya kopo lenye mfuniko ili maji yasiifikie, na mtungi ukae kivulini penye upepo. Maji yanapokauka hubeba joto. Kwa sababu hiyo mtungi hupoza vizuri zaidi wakati wa kiangazi kikavu cha Shinyanga kuliko katika hewa yenye unyevu ya kando ya Ziwa Victoria. Insulini isipigwe jua, na isigande kamwe: iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka.

Kizuizi cha pili ni hofu. Wengi husema aliyeanza sindano hakawii kufa. Wanachokiona ni cha kweli, ila sababu siyo hiyo. Wagonjwa wengi huanzishiwa insulini wakati figo, macho au miguu imekwisha kuharibika, halafu lawama hubebeshwa sindano badala ya kuchelewa.

Kuchelewa kwenyewe huanzia mbali. Mtoto anayetapika, anayehema kwa kasi na aliyelegea hudhaniwa ana malaria. Kama wiki chache zilizopita alikuwa na kiu isiyoisha, anakojoa sana na anakonda, apimwe sukari siku hiyohiyo. Kidole kinachotobolewa kwa kipimo cha malaria kinatoa pia tone la kipimo cha sukari. Kila zahanati ya ukanda huu inastahili kuwa na mashine na vipimo vyake.

Kwa mchimbaji kuna hatari ya ziada. Akichoma insulini, asile, kisha ashuke duarani, yaani shimoni, kupiga nyundo, sukari inaweza kushuka ghafla. Atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, na wenzake watadhani amelewa au amekosa hewa. Ale kabla ya kushuka, mwenzake wa shimoni aijue hali yake, na mfukoni asikose sukari. Dalili zikianza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari au soda yenye sukari, apumzike dakika 15, kisha ale. Akizimia, asilishwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kinachobaki kiko mikononi mwa mfumo wa afya. Dhahabu inapofumuka mahali papya, watu huhama ndani ya siku chache, na mgonjwa huacha kliniki yake nyuma. Ukanda huu umeshajua namna ya kumfuata mgonjwa anayehama: tangu Tanzania ianze kutoa bure dawa za kufubaza VVU (ARV) mwaka 2004, kliniki za CTC zinazowahudumia wenye VVU zimejenga utaratibu wa kadi, barua za uhamisho na kumtafuta aliyepotea. Mwenye kisukari apewe utaratibu huohuo, na zahanati iliyo jirani na machimbo impe insulini yake ya mwezi, mabomba ya sindano na maelekezo ya mtungi. Tunadaiwa uamuzi tu, maana ujuzi wa kuifanya kazi hii tayari tunao.