Nyonga za Mtoto Mchanga na Namna Tunavyomviringa

Anapomfunga mwanawe winda, mama huweza kugundua kwamba mguu mmoja unatanuka vyema ilhali wa pili unagoma. Mtoto haumwi, hunyonya na kulala kama wenzake. Kwa hiyo jambo hilo hupuuzwa, hadi siku aanzapo kutembea akichechemea.

Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kwa mtoto mchanga kikombe hicho bado ni laini, nacho hujichonga kwa kukizunguka kichwa kilichotulia humo. Kichwa kikiwa nje, au kikitelezateleza, kikombe hukosa kina.

Aliye hatarini zaidi ni mtoto aliyetanguliza makalio tumboni, hata akizaliwa kwa upasuaji. Wengine ni yule ambaye mzazi au ndugu yake alipata tatizo hili, kifunguamimba, na aliyebanwa kwa uchache wa maji ya uzazi. Watoto wa kike ndio wengi: takriban wanne katika kila watano. Hakuna kosa la mama hapo, na tunalitamka hili kwa kuwa akina mama hulaumiwa upesi.

Lipo, hata hivyo, moja lililo mikononi mwetu, nalo ni kumviringa mtoto kwa nguo huku miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja. Nchini Japani, ambako desturi hiyo ilienea, kampeni ya kuwaelimisha wazazi waiache ilianza mwaka 1975. Watoto walioteguka nyonga, ambao awali walizidi 1 katika kila 100, walipungua hadi chini ya 2 katika kila 1,000.

Mbeleko ya bibi zetu hufanya kinyume cha hayo: mtoto hukumbatia mgongo, mapaja yametanuka, magoti yamekunjwa. Basi anayehofia baridi na amviringe mwanawe kifua na mabega, lakini miguu aiachie nafasi ya kujikunja na kurusha mateke.

Ikiwa mtoto wako alitanguliza makalio, mweleze mhudumu wa kliniki tangu hudhurio la kwanza, wala usingoje kuulizwa. Nyonga hupimwa kwa mikono, na kwa ultrasaundi akifikia kama wiki 6. Likigunduliwa mapema, mara nyingi mikanda laini inayoshikilia mapaja yakiwa yametanuka hutosha, kwa wiki kadhaa. Akishaanza kutembea, aghalabu tiba huwa ni kisu.