Tulipochwewa na Jua Mbulu na Hanang

Wasafiri wa kwetu waliopata kufika miji mikongwe ya Ulaya, kama Paris na Vienna, hurudi na masimulizi ya namna moja. Mchana mgeni hutembezwa makanisani, katika majumba ya wafalme na kwenye makaburi yao. Na jua likizama ndipo mji unapoanza kumtoa fedha mfukoni. Kuna nyumba za michezo, kuna muziki, mitoni mna mashua zenye taa, na mnara wa Eiffel, uliofunguliwa mwaka 1889, huwashwa taa usiku hata mtu akauona toka mbali. Nasi Unguja tunayo Forodhani. Mgeni ambaye hajasimama pale baada ya magharibi akala pweza na maji ya miwa, twasema huyo bado hajafika.

Lakini sisi wa mashamba twajua jambo ambalo wenzetu wa mjini hawalioni. Mgeni anayeletwa kutazama karafuu, mdalasini na iliki hufika saa tatu za asubuhi, huvunjiwa dafu, huvishwa kofia ya makuti, na ikifika saa nane amekwisha rudi zake. Jioni yake, na fedha ya jioni yake, hulala mjini au pwani. Neno hili limezungumzwa sana barazani. Wako wasemao tujenge jukwaa, tulete ngoma, tuwashe taa katika mikarafuu. Wako wasemao shamba usiku ni giza na mbu, na mgeni hakutoka kwao kuja kutazama giza.

Basi mwezi wa Juni, kabla ya uchumaji, watu wanne wa kwetu tulipata safari ya bara kwenda wilaya za Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara, ule uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Tulikuwa na shughuli zetu nyingine, lakini tulijitia na hii: mahali pasipo na bahari, wala mji wa mawe, wala hoteli za ghorofa, mgeni akichwewa hufanyiwa nini?

Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukashika basi la Dodoma, kisha barabara ya lami ipitayo Kondoa mpaka Babati. Safari ni ndefu, hatutaisimulia. Kutoka Babati huenda mpaka Dareda, na hapo njia ya Mbulu huuacha uwanda ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh. Kadiri gari linavyopanda ndivyo baridi inavyoshuka. Mmoja wetu alikuwa amevaa kanzu na koti jepesi tu, na kufika juu alikuwa amejifunga shuka ya kulalia.

Huko Dongobesh tulistaajabu kuona thomu, ambayo wao huiita kitunguu saumu, imelimwa mashamba kwa mashamba na kurundikwa kama sisi tunavyorundika karafuu. Mbulu ina sifa ya thomu katika nchi nzima. Tukawaambia wakulima wa pale kwamba mali yao na yetu hazijapata kuonana shambani, ila hukutana kila siku katika sufuria ya pilau. Walicheka, kisha wakatuuliza bei ya kilo moja ya karafuu. Mkulima ni mkulima.

Mji wa Mbulu ni mdogo, nao ni makao ya serikali tangu zamani za Wajerumani. Anayetaka kutazama nchi asikae mjini. Ziwa Tlawi li karibu, na msitu wa Nou umefunika milima upande mmoja. Lakini kilichotushika zaidi ni Kainam, nchi ya asili ya Wairaqw, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wambulu. Hapo kila mteremko umelimwa kwa matuta na kutiwa samadi, mwaka baada ya mwaka, na ardhi haijachoka. Nyumba zao za kale zilikuwa fupi, paa la udongo lililo bapa, zimechimbwa ubavuni mwa kilima hata adui akipita juu asijue kwamba chini wamelala watu na ng'ombe wao pamoja. Sasa wengi wana nyumba za matofali na mabati. Walipotuonyesha mahali palipokuwa na nyumba ya namna ile, tulisimama kimya kama watu wanaosimamishwa mbele ya kasri.

Jambo jingine ni lugha yao. Kiiraqw si cha Kibantu. Ni ndugu wa Kisomali na Kioromo kwa mbali. Tulipokuwa tukisikiliza watu wakiamkiana sokoni, mwenzetu mmoja aliyesomesha chuoni miaka mingi akatushika mkono: 'Sikilizeni, hiyo ni ayn. Na ile ni ha ya kooni.' Tukasikiliza, na kweli. Herufi ambazo watoto wetu huchapwa ili wazitamke sawasawa, kule kila bibi auzaye mboga anazo tangu kuzaliwa.

Jua likachwa. Tukatoka nyumba ya wageni, ambayo hatutaitaja kwa sababu maji ya moto tuliyoahidiwa hatukuyaona, tukamwuliza kijana mmoja: jioni hapa watu huenda wapi? Akatuchukua kwenye banda la kutazamia mpira. Basi tulitoka kisiwani, tukapanda milima ya Mbulu, tukalipa kiingilio, na tukawatazama Waingereza wakicheza mpira. Banda lilijaa, joto lake lilitufaa, na vijana walikuwa na adabu. Hatuna la kulaumu, ila mchezo ule ule tungeuona Wete au Mkokotoni.

Usiku wa pili mambo yalikuwa mengine. Mwalimu mmoja tuliyejuana naye sokoni alitukaribisha kwa baba yake mkubwa, nje ya mji. 'Hodi,' 'Karibuni, baba zangu.' Tuliwapa shikamoo wazee, tukaketi karibu na moto. Tulipewa makande, yaani mahindi na maharage, na maziwa ya mgando. Wenyeji walikuwa na pombe yao ya nafaka, na walipojua sisi hatunywi, hawakutushikilia, chai ikaja. Baadaye mzee akaanza kusema peke yake, mbio mbio, kwa mpando na mteremko, na kila kipande wote waliokaa wakimwitikia kwa sauti moja. Mwalimu akatunong'oneza kuwa hiyo ni slufay. Ni dua na ushairi pamoja: huombwa mvua, huombwa afya, uzazi na amani. Hatukufahamu hata neno moja, wala mwalimu hakuweza kufasiri yote, alisema maneno mengine ni ya ndani mno. Lakini kuitikia tuliitikia, kwa maana mtu aliyelelewa katika maulidi na hitima hahitaji kufundishwa mahali pa kuitikia.

Hapakuwa na kiingilio. Na twaamini kwamba kama tungefika pale saa nne za asubuhi na kuomba tuonyeshwe slufay, tungeonyeshwa kitu kingine.

Kutoka Mbulu tulirudi Dareda, tukashika barabara ya Singida mpaka Katesh, mji mkuu wa wilaya ya Hanang. Mlima Hanang umesimama juu ya mji wenyewe, futi 11,200 hivi, wa nne kwa urefu katika Tanzania baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Mgeni mwenye pumzi huondoka Katesh alfajiri kwa njia ya Jorodom na kurudi jioni. Sisi hatukupanda, magoti yetu ni ya mikarafuu. Tuliutazama toka chini, tukaenda upande wa pili kuliona ziwa Balangida, ambalo maji yake yakikauka hubaki chumvi nyeupe na watu huikusanya. Na anayebahatika kufika siku ya mnada wa Katesh aende, kwani huko hukutana ng'ombe, mitumba, sufuria, nyama choma na makabila manne au matano, na jua likishuka kila mmoja hurudi kwao kwa mguu, kwa pikipiki au juu ya lori.

Nchi hii ni ya Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga. Jirani zao huwaita Wamang'ati, jina la Kimasai lenye maana ya adui. Wenyewe hawalipendi, na mgeni asilitumie. Tulipelekwa kwenye boma moja. Mhunzi alituonyesha jinsi anavyoyeyusha kufuli na mabomba mabovu ya shaba akafanya bangili. Wasichana waliovaa ngozi zilizokatwa nyuzi nyuzi walituchezea ngoma ya kuruka, robo saa. Tukalipa, nao wakarudi kuosha vibuyu vya maziwa. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pia kama kofia yetu ya makuti.

Gari letu likachelewa, ndiyo sababu twaweza kusimulia yanayofuata. Magharibi ng'ombe walirudi, vumbi likatulia, na mzee wa boma akaja kuketi nasi. Yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Kisiwa ni kitu gani, maji yanakizunguka pande zote? Ng'ombe wanakunywa maji hayo? Mkarafuu hupandwa na nani, na baba akifa mti ni wa nani? Tulikuwa na karafuu kidogo kwenye kitambaa. Akanusa, akatafuna moja, akakunja uso, akawapa wake zake, nao wakapelekeana mpaka zikaisha. Tulimweleza habari ya mashina na ya uwekaji, ya mchumaji kuanguka na ya bei. Alipofahamu kwamba mkarafuu hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa sawasawa, akasema basi mtu akikufukuza katika shamba, amekufukuza katika miaka.

Hapo ndipo na yeye akatuambia yake. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Canada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu. Yalifikia saba, kila moja kiasi cha ekari 10,000. Ngano ilipatikana, na nchi ililishwa. Lakini ardhi ile ndiyo iliyokuwa malisho mazuri kupita yote ya Wabarabaig. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu, na mwaka 1985 wakashindwa katika Rufani. Msaada wa Canada ulikoma katika miaka ya 1990. Tena Wabarabaig wana desturi ya kumzika mzee mwenye heshima chini ya kichuguu kikubwa cha udongo, kinachojengwa kwa sherehe ya miezi mingi. Vichuguu vingi vilikuwa katika ardhi ile, na matrekta yalivilima.

Ulaya mgeni hulipa apate kusimama mbele ya kaburi la mfalme. Mzee alinyoosha mkono gizani kuelekea Basotu, wala hapakuwa na kitu cha kuona.

Usiku wetu wa mwisho tulilala Katesh mjini. Mchana, kila tuliyemwuliza habari za mlima alitutajia njia na ujira wa kiongozi. Baada ya chakula cha usiku mama aliyetupikia akakaa, naye akatusimulia Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na asubuhi ubavu wa mlima uliolowa maji ukakatika, ukashuka matope, mawe na magogo juu ya mji na vijiji kama Gendabi. Watu 89 walifariki. Wako waliodhani mlima unaamka kwa moto, wataalamu wakasema sivyo, ni maji. Mama alisema tangu hapo mvua ikinyesha usiku hapati usingizi mpaka isikike inakatika. Akatuuliza kama baharini nako watu hulala hivyo. Sisi tuliokuwako mwaka 2011, ilipozama meli ya Spice Islander kwenye njia ya Pemba, tulijua la kumjibu, na mazungumzo yakaenda mpaka saa sita.

Tumerudi nyumbani, na barazani hatujakubaliana. Mwenzetu wa jukwaa bado anataka jukwaa lake. Anasema mgeni wa Ulaya amezoea taa, na kwamba mzee wa boma hakupata hata senti moja kwa mazungumzo yake. Hilo la pili ni kweli, na limetuuma. Sisi watatu twaona tuanze na jambo dogo: mgeni atakayetaka abaki mpaka isha, ale chakula cha nyumbani kwa bei ijulikanayo, fedha apewe aliyepika, na mwenye shamba akae naye wakaulizane. Nyumba mbili zimekubali kujaribu msimu huu, zikianikwa karafuu. Atakayependa ya tatu iwe yake amwone mwandishi wa tawi.

Na mwanachama atakayekwenda Mbulu, achukue sweta nzito na soksi. Karafuu achukue ratili mbili kwa uchache. Zetu ziliishia katika boma la kwanza, na Katesh tuliombwa tukawa hatuna.